Neno la Kwenye Boksi la Tende

Karatu, 10 Aprili 2025

Mwanangu Nafisa,

Salamu nyingi zikukute huko Loliondo ukiwa na afya. Mimi sijambo, ni hili goti tu, mvua zikianza linajua kabla ya redio. Baba yako mzima. Paka wako mzima pia, kahamia dukani kwangu na analala juu ya gunia la mdalasini, wateja wanaletewa mdalasini wenye manyoya. Idi tumeila, alhamdulillahi. Nilipika pilau mwenyewe ikashika chini, na baba yako akaila hivyohivyo bila kulalamika. Nilijua anakukumbuka.

Furushi hili nimempa Parmuat, yule dereva wa lori la sementi anayepita hapa akienda huko kwenu. Ni mtu mwaminifu, ila anapenda sana soga, usimkalishe. Ndani kuna kanga, sabuni, mafuta ya nywele na tende. Nimekuchagulia zile laini za boksi unazozipenda.

Najua hukuondoka kwa heri. Hasira za baba yako, huyu kaka yangu, unazijua tangu mdogo. Simu yako kaifungia kabatini na ufunguo anatembea nao. Usijaribu kumpigia kwa simu ya mjomba wako Hamidi, si sasa. Na mimi sitakupigia kwa simu hiyo, maana Hamidi hajui kuongea bila kuweka spika, duka zima litasikia mambo yetu. Ndiyo maana nimeona nikuandikie kama enzi zile.

Tulia huko, msaidie mjomba dukani, mambo yatapoa. Watu wana midomo, mwanangu, mtu akiona kidogo anasema kikubwa. Usijichoshe kuuliza nani kasema nini.

Ni mimi shangazi yako,
Zuleha


Loliondo, 29 Aprili 2025

Shikamoo shangazi,

Mimi sijambo, na mjomba na familia yake wote wanakusalimu. Pole na goti. Huku mvua imekata barabara, Parmuat alilala njiani akiwa na furushi lako, lakini limefika salama. Ahsante kwa kanga, ni nzuri sana.

Tende nimewapa watoto wa mjomba. Usiudhike. Siwezi kuzila, na nadhani nikikueleza sababu utanielewa, maana wewe ndiye uliyenilea tangu mama afariki na sijawahi kukuficha jambo.

Baba aliponifuata kule kazini, kwenye loji ya watalii, hakunipa nafasi ya kueleza. Alisimama getini, wageni wanashuka kwenye magari yao, akapaza sauti kwamba nimemtia aibu kwa kupanga deti na mpishi wa Kimasai mwezi wa Ramadhani. Akaninyang'anya simu palepale. Alfajiri nilikuwa kwenye basi la huku.

Sikiliza ilivyokuwa. Koinet ni mpishi mkuu, na mimi nilikuwa natunza stoo. Yeye ni Mkristo, lakini anajua kila mfanyakazi aliyefunga, na mwaka huu alitaka kuwaandalia futari bila wao kujua. Siku ile nilikuwa nimeshuka Karatu, akaniandikia nisisahau kuleta tende jioni. Aliandika Kiingereza, Koinet hata akiomba chumvi anaandika Kiingereza, ndiyo mazoea ya kule juu kreta. Sasa tende kwa Kiingereza ni dates. Na neno hilohilo ndilo vijana wanaita deti, mtu kwenda kukutana na mpenzi wake. Na neno hilohilo tena ni tarehe. Sisi tuna maneno matatu, Waingereza wanalo moja, na baba akapelekewa lile baya.

Tende zenyewe nilizinunua kwako, shangazi. Ulinipimia kwa mkono wako.

Kati yangu na Koinet hakuna kitu. Kingekuwepo, wewe ungekuwa wa kwanza kujua. Lakini baada ya baba kupiga kelele, uongozi ulimwambia Koinet apumzike nyumbani kwanza, na mpaka leo yupo kwao Arash. Wiki iliyopita mama yake, Nailantei, alikuja hapa dukani kununua sukari. Hanijui. Akaniambia mwanawe amerudi kutoka kazini amekonda na hataki kusema kwa nini. Nikampimia sukari. Nilishindwa hata kumwambia pole.

Na meneja alikuwa ameniahidi nafasi ya kwenda kusoma Arusha. Alisema itanisubiri hadi Septemba.

Baba hajui Kiingereza. Kuna mtu alimsomea au alimwambia. Ni nani?

Mwanao,
Nafisa


Karatu, 2 Juni 2025

Mwanangu Nafisa,

Wa alaikum salaam, marahaba. Nisamehe kukawia kujibu. Kwanza barabara, halafu goti, halafu Christina wa Qurus alivuna vitunguu akaniita nikamsaidie kupanga magunia, unamjua yule hakubali hapana. Huku baridi imeanza. Anneth, yule mwenye kibanda cha vocha hapo jirani, amejifungua mtoto wa kiume mnene kama mfuko wa unga. Paka wako kazaa pia, kumbe alikuwa jike siku zote. Tumecheka.

Mambo ya nani kasema, mwanangu, tuyaache. Hayatakurudisha nyuma wala mbele. Na baba yako nawe umwelewe. Hata kama ni tende kweli, mwanaume anamwandikiaje binti wa watu "mimi na wewe tu, usimwambie mtu"? Baba gani asishtuke?

Sasa kuna habari. Bwana Idrisa wa Mto wa Mbu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ameleta posa. Kafiwa na mkewe mwaka juzi. Ni mpole, haswali kwa kujionyesha, na mabati yake hayavuji. Baba yako kafurahi, naona kama mtu aliyetua mzigo. Anasema ukiolewa maneno ya mjini yataisha. Mimi sijasema kitu, nasikiliza tu.

Kula vizuri.
Shangazi yako,
Zuleha


Loliondo, 19 Juni 2025

Shikamoo shangazi,

Huku wote wazima. Mpe Anneth hongera.

Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mkunjo. Umeandika "mimi na wewe tu, usimwambie mtu". Ni kweli, Koinet aliandika hivyo, kwa sababu futari ilikuwa siri ya wawili tuliokuwa tunaiandaa. Lakini mimi sikukuandikia maneno hayo. Na baba hakuyasema pale getini.

Siku ile niliiacha simu ikichaji dukani kwako nikaenda kuswali alasiri.

Sikuulizi kitu.

Nafisa


Karatu, 20 Julai 2025

Mwanangu, mwanangu Nafisa,

Sitakudanganya habari za goti leo. Barua yako imekaa nami mwezi mzima. Naiweka chini ya mto, naitoa, naandika, nachana. Anneth ananiuliza, "Shangazi unaumwa?" Nami namwambia ndiyo.

Ni mimi, Nafisa. Nani mwingine.

Ulikuwa umeenda msikitini. Simu ikalia, maandishi yakatokea juu ya kioo, nikaona jina Koinet. Ningeigeuza tu kifudifudi, yakaisha. Lakini shangazi yako ana umbea hadi machoni! Nikaibeba hadi kwa Anneth, nikamwambia nisomee hii. Akasoma, akacheka, akasema, "Weee, Nafisa ana deti leo usiku, 'mimi na wewe tu', na anaambiwa asimwambie mtu." Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anatania kama vijana wanavyotania. Neno deti nalijua, nalisikia kila siku hapo stendi kwa wasichana wanaopaka rangi ya mdomo.

Ukarudi, ukaniambia, "Shangazi, nipimie tende, zile nzuri." Nikakuuliza za nani. Ukacheka, ukasema ni siri. Nilikupimia tende zile, mwanangu, huku nimekwishakuhukumu. Nikajisemea, anampelekea mwanaume tende zangu. Ulipoondoka tu nikafunga duka, nikaenda kwa baba yako. Sikumwambia nimeona ujumbe. Nilimwambia nimesikia. Nikaongeza na chumvi, kwamba si mara ya kwanza. Hilo la si mara ya kwanza nilitoa wapi? Nilitoa kichwani mwangu tu, ili asinione nimekuja na jambo dogo.

Barua yako ya Aprili ilipokuja nilikaa nayo dukani. Nikainua macho kwenye rafu. Boksi, boksi, boksi, zote zina maandishi mekundu makubwa: DATES. Nafisa, miaka yote hii nauza tende na nilikuwa nasoma neno lile kama lilivyo, da-tes, nikidhani ni jina la kiwanda! Wateja wangu wote nimewafundisha hivyo. Wanakuja wanasema, "Nipe za Dates, hizo nyingine ngumu." Neno lililokuangamiza lilikuwa juu ya kichwa changu siku ile na kila siku, na mimi ndiye muuza tende.

Naona aibu hata kuandika. Nimekulea kwa mikono hii. Wifi yangu alipokuwa anakata roho alinishika kidole akasema, "Zuleha, mtoto." Neno moja tu.

Kaka yangu bado hajui. Nimemwendea mara kadhaa, nafika mlangoni namwuliza kama amekula, narudi. Naogopa, mwanangu. Tangu nilipoachika naishi kwenye chumba chake, na frem ya duka ni yake. Akinitoa naenda wapi na uzee huu? Hiyo ndiyo sababu yangu, na ni sababu ya mtu mwoga.

Na lipo jambo zito zaidi. Washenga wa Bwana Idrisa watakuja Ijumaa ya tarehe 15 Agosti. Baba yako kaniagiza mimi, kama shangazi, nikuulize kama umeridhia. Unajua desturi yetu, mwari akiulizwa akanyamaza amekubali. Siku hiyo watapanga tarehe ya ndoa. Tarehe nayo ni neno lilelile, umenifundisha mwenyewe. Umeanza na tende, nikakugeuzia deti, na sasa unaletewa tarehe.

Kwa hiyo nakuuliza. Usinyamaze. Nitukane ukitaka, lakini nijibu kabla ya Ijumaa hiyo.

Mimi mkosaji wako,
Zuleha


Loliondo, 6 Agosti 2025

Shikamoo shangazi,

Natumaini goti lina nafuu. Huku kuna vumbi na ng'ombe wengi mnadani.

Nilikuwa nimeshajua tangu Juni. Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe. Nimelia, sikufichi, na nimekukasirikia sana. Kuna siku nilitaka kuchukua simu ya mjomba nimwambie baba kila kitu, hata kama spika ingesikika hadi Arash.

Halafu nikafikiri. Nikimwambia, baba atakutoa kwenye chumba na dukani siku hiyohiyo. Ninamjua. Nitarudi Karatu nikukute wapi? Nani alinifunga vitambaa vya kichwa vya shule, nani alikaa nami nilipougua surua? Siwezi kufungua njia yangu kwa kukufukuza wewe.

Bwana Idrisa umesema ni mpole. Basi. Mwambie baba nimeridhia. Usiseme lolote juu ya simu. Lifie kati yetu.

Ombi langu ni moja tu. Tafuta njia ya kumsafisha Koinet kule loji bila kujitaja. Mama yake amekuja tena kununua sukari, na safari hii aliniletea maziwa kwenye kibuyu kwa sababu anasema nina uso wa huruma. Niliyanywa, shangazi, nikamrudishia kibuyu.

Mwanao,
Nafisa


Karatu, 18 Agosti 2025

Mwanangu Nafisa,

Salaam aleikum. Niko mzima, naandika nikiwa Qurus, nyumbani kwa Christina. Ukiniandikia usipeleke dukani. Parmuat nimeshamwelekeza.

Barua yako ilifika Alhamisi jioni, siku moja kabla ya wageni. Nilisoma nimesimama. Lo! Nikakaa chini kwenye sakafu pamoja na paka. Nilikuwa nimekuomba jibu, ukanipa mlango wa kutokea, mpana, umeufungua mwenyewe. Usiku ule, Mungu anisamehe, niliwaza kuutumia. Nilijiambia: mtoto mwenyewe kasema ameridhia, mimi ni nani.

Ijumaa baada ya swala wakaja. Bwana Idrisa mwenyewe, mjomba wake, na wazee wengine wa msikitini. Tukawaandalia chai na sambusa. Mimi nikakaa upande wa mlango, barua yako nimeifunga kwenye pindo la kanga. Baba yako akaniuliza mbele yao, "Zuleha, mtoto amesemaje?"

Nikakaa kimya. Baba yako akatabasamu, akawaambia wageni, "Basi, kimya ndiyo ridhaa. Tupange tarehe."

Nikasema, "Kaka, Nafisa hakunyamaza. Aliyenyamaza ni mimi."

Nikasimama. Nikasema yote, Nafisa. Simu, Anneth kusoma, lile la si mara ya kwanza nililolitunga, yote. Nikaenda kabatini jikoni nikaleta boksi la tende tulilokuwa tumewaandalia wageni haohao, nikaliweka mbele ya kaka yangu, nikamwonyesha maandishi. Nikamwambia, "Hili ndilo deti la mwanao. Umelila Ramadhani nzima."

Yule mjomba mtu akaanza kulalamika kwamba wamepotezewa muda. Bwana Idrisa akamgusa bega. Akaniuliza mimi, kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo binti hanitaki?" Nikamjibu, "Binti amekubali ili mimi nisifukuzwe. Barua yake hii hapa, ukitaka isomwe." Akasema haina haja isomwe. Akashukuru kwa chai, akaaga vizuri, wakaondoka. Mtu muungwana, nimemharibia siku na yeye.

Baba yako alikaa pale mpaka magharibi ikaadhiniwa. Halafu akasema, "Dada, nilimtukana mtoto wangu mbele ya Wazungu kwa neno lako." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Akaniambia frem anaitaka, na chumba pia. Nikamwambia ni haki yako. Nimebeba magunia yangu na paka na watoto wake, Christina kanipa kona ya ukumbi wake. Nitauza bizari hapa Qurus, na siku za mnada nitaipanga chini mjini. Usinihurumie. Nalala vizuri kuliko miezi yote hii, ila alfajiri nikiamka bado nakumbuka yule kijana wa watu na nasikia vibaya tena.

Kwa habari yake: Jumamosi nilipanda gari hadi kule juu, nikasimama getini palepale baba yako aliposimama, nikaomba kumwona meneja. Nikamweleza kwa Kiswahili changu. Alisema atamwita Koinet arudi kazini, na nafasi yako ya kusoma bado ipo. Kuitwa si kulipwa fadhaa, najua.

Jana baba yako alikuja Qurus. Hakushuka kwenye gari. Alinipa simu yako kwa dirishani, akasema, "Mpelekee." Nimempa Parmuat. Nimeifunga ndani ya boksi la tende, katikati, isivunjike. Boksi ni lenye maandishi. Sikuwa na jingine.

Sikuombi uniambie umenisamehe.

Zuleha


Loliondo, 27 Agosti 2025

Shikamoo shangazi,

Msalimie Christina na umshukuru. Mjomba anakusalimu, bado anaongea na spika.

Boksi limefika na simu inawaka. Baba alinipigia usiku uleule. Hakuomba radhi. Aliniuliza kama nimekula, nikamwambia ndiyo baba. Kisha akasema atanifuata Jumapili mwenyewe. Nimemwambia nitashukia Qurus kwanza. Alisema sawa.

Nilikwenda Arash. Nilimweleza Nailantei, mama yake Koinet, mimi ni nani. Alinitazama sana, akasema nikae, akanipa chai. Koinet hatarudi loji. Anasema alitukanwa mbele ya wageni na watu aliowapikia, na kuitwa tena hakuondoi lile. Hana kinyongo na mimi, wala na wewe, lakini hatarudi. Nimekuandikia ili ujue. Hilo tutalibeba mimi na wewe.

Boksi nimewaachia Koinet na mama yake, ni la futari ile aliyokosa kuiandaa. Nimebakiza tende moja. Sikudanganyi shangazi, hasira bado ninayo, na nikikuona Jumapili huenda nisiongee siku nzima. Lakini tende hiyo moja nimeila.

Mwanao,
Nafisa